Nyuzi Nyekundu za NGC 1275: Nipeni Spektra, Picha Kaeni Nazo

Picha ya galaksi NGC 1275 iliyopigwa na darubini ya Hubble na kutolewa mwaka 2008 haichoki kuzunguka mitandaoni, na kila inaporudi huja na neno lilelile: mlipuko. Si ajabu. Nyuzi nyekundu zimetawanyika pande zote kutoka katikati, kama mizizi ya mti uliong'olewa, na jicho linakata shauri kabla akili haijaulizwa. Mimi picha hiyo naipenda, lakini naona imetudanganya wengi. Naamini zaidi spektra, yaani grafu za mwanga uliochambuliwa rangi kwa rangi.

NGC 1275 ni galaksi kubwa ya duaradufu iliyo katikati ya kundi la galaksi la Perseus, upande wa kundinyota la Farisi, umbali wa miaka ya nuru ipatayo milioni 230. Galaksi za umbo hili husemwa zimekufa: nyota zake nzee, gesi haba, hadithi imekwisha. Hii yetu imezungukwa na gesi ya joto la makumi ya mamilioni ya digrii, inayong'aa kwa eksirei. Humohumo ndani kuna nyuzi za gesi ya ayoni yenye digrii kama 10,000 tu. (Nasema digrii makusudi. Nikiandika "nyuzi joto" hapa, hatutajua nazungumzia joto au nyuzi zenyewe.) Darubini za redio zimekuta hata gesi baridi kabisa, yenye monoksidi ya kaboni, ikifuata njia za nyuzi hizo. Ni kama kukuta umande haujakauka ndani ya tanuri.

Mwaka huohuo wa 2008, mwanaastronomia Andrew Fabian na wenzake walionyesha kwamba uzi mmoja una upana wa miaka ya nuru 200 hivi, na baadhi zina urefu wa miaka ya nuru 20,000. Kitu chembamba namna hiyo, ndani ya gesi inayosukwasukwa, kilitakiwa kiwe kimeshachanika. Hakijachanika. Maelezo yao ni kwamba uga wa sumaku ndio unaoushikilia uzi usikatike wala usiyeyukie kwenye moto unaouzunguka. Wanakadiria kuwa nyuzi zimedumu zaidi ya miaka milioni 100. Mlipuko gani huo?

Sasa nikiri kosa langu. Mara ya kwanza nilipojaribu kuzipiga picha nyuzi hizi, nilitumia kichujio cha haidrojeni, kilekile ninachotumia kwa mawingu ya gesi ya galaksi yetu. Kamera ilikaa wazi saa nyingi, nikapata doa la ukungu. Nililaumu hewa, nikalaumu lenzi. Kumbe mstari mwekundu wa haidrojeni, yaani rangi maalumu inayotolewa na gesi hiyo, una urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, lakini NGC 1275 inatuacha kwa zaidi ya kilomita 5,000 kwa sekunde, na mawimbi ya mwanga wa kitu kinachotuacha hurefuka, hivyo mstari wake hutufikia karibu na nanomita 668. Kichujio chembamba kinaukata wote. Nilikuwa nimefunga mlango kisha nalalamika mgeni hajaja.

Hata ukipata kichujio sahihi, kazi haijaisha. Lazima upige picha nyingine pembeni ya mstari huo, uitoe kwenye ya kwanza ili mwanga wa nyota uondoke. Na kitakachobaki mara nyingi si haidrojeni peke yake, maana mistari miwili ya naitrojeni imekaa kushoto na kulia kwake, karibu mno. Wekundu mmoja, vitu viwili.

Ndiyo maana napigia debe spektra. Mwaka 1957, mwanaastronomia Rudolph Minkowski alipima mwanga wa galaksi hii na kukuta makundi mawili ya gesi yanayopishana kwa kilomita 3,000 hivi kwa sekunde. Baadaye ikaeleweka kwamba moja ni galaksi nyingine kabisa, iliyo mbele yake na inayoporomokea ndani ya kundi la Perseus. Kwenye picha zimelaliana kama kitu kimoja. Grafu isiyo na mvuto wowote ilizitenganisha nusu karne kabla ya picha ya Hubble.

Uwiano wa mistari nao una la kusema. Gesi ikiwashwa na nyota changa, naitrojeni huwa hafifu kuliko haidrojeni. Katika sehemu kubwa ya nyuzi hizi naitrojeni ina nguvu isiyolingana na hali hiyo. Kama shimo jeusi kubwa lililo katikati ya galaksi ndilo taa, basi nyuzi za mbali zingefifia. Mbona nyingine zinang'aa vizuri tu? Mimi naegemea wazo kwamba chembe zenye nishati kutoka kwenye gesi moto hupenya nyuzi na kuzipasha. Wapo wanaotaja mawimbi ya mshtuko au mchanganyiko wa gesi moto na baridi, na sina ugomvi nao.

Kuhusu mwendo, SITELLE, kifaa cha kupima spektra kilicho kwenye darubini huko Hawaii, kilichora ramani ya kasi ya nyuzi, matokeo yakatoka 2018. Hakuna mtiririko mmoja wa kutoka wala wa kuingia, ni mchafukoge. Uzi mmoja wenye umbo la kiatu cha farasi unaonekana kukokotwa nyuma ya povu lililopulizwa na shimo jeusi, kama maji yanavyofuata kiputo kinachopanda.

Satelaiti ya eksirei ya Hitomi ilidumu wiki chache tu mwaka 2016, lakini iliwahi kupima gesi moto ya Perseus: msukosuko wa kilomita 164 kwa sekunde. Mpole mno kwa mahali palipodhaniwa pamevurugika. Mrithi wake, XRISM, alirushwa Septemba 2023. Ninachokisubiri kwake ni vipimo vya gesi moto pembeni kabisa ya nyuzi, niviweke juu ya ramani ya SITELLE nione kama uzi na moto unaouzunguka vinakwenda pamoja.