Kambi Nilikuwa Mimi

Kila Julai mamangu akipiga simu huuliza swali lile lile: "Watoto wako wapi saa hizi?" Nikimwambia wako kambini, hunyamaza kidogo. Kwake yeye kambi ni ya wakimbizi au ya wanajeshi. Kisha huja swali la pili: "Na unalipa?" Nikimtajia dola 260 kwa wiki, kila mtoto, huzigeuza kuwa shilingi kimoyomoyo halafu hucheka, kile kicheko cha mtu aliyeambiwa kwamba Marekani watu huuziwa upepo.

Naishi Lowell, jimbo la Massachusetts, mji wa viwanda vya kale vya nguo kando ya mto Merrimack. Wakenya tuko wengi hapa, hata unga wa ugali si shida kuupata. Mimi nahudumia wazee, mume wangu ni dereva wa lori. Shule zikifungwa Juni, nyumbani hakubaki mtu mzima mchana. Hiyo ndiyo sababu ya kambi, hakuna nyingine. Asubuhi unampeleka mtoto, anacheza, anaogelea, anapaka rangi, jioni unamchukua analala kwake.

Kila ninapoandika habari hizi hakosi mtu wa kunijibu kwamba kwetu mtoto hulelewa na mtaa mzima, bure. Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo, mpaka siku moja nikajiuliza huo mtaa ulikuwa nani hasa.

Likoni, kwetu Mombasa, likizo ya Agosti, mtaa ulikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Asubuhi mama akivuka feri kwenda kazini, huniachia wadogo zangu watatu na pesa ya mahamri. Majirani walikuwapo, ndiyo, na ukikosea walikuwa wepesi kukufinya sikio. Lakini aliyembeba mtoto kiunoni, aliyegawa chakula, aliyehesabu vichwa jua likizama ni mimi. Agosti moja tulikuwa ufuoni, nikaingia kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wenzangu. Mdogo wangu wa miaka minne akaingia majini. Wavuvi ndio waliomtoa, wakambinua akatapika maji, akalia, akapona. Jioni hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto alikuwa akilinda mtoto. Nilichapwa mimi.

Kwa hiyo mniwie radhi nisipolia sana ninapomwona msichana wa miaka kumi na tisa, aliyefundishwa huduma ya kwanza, mwenye filimbi shingoni, analipwa mshahara kufanya kazi niliyoifanya kwa mahamri mawili.

Na sasa nije kwenye aibu yangu. Mwaka wa kwanza fomu iliuliza: mtoto anajua kuogelea? Nikaandika ndiyo, tena kwa majivuno. Mtoto wa Likoni aulizwe habari ya maji! Ukweli ni kwamba binti yangu alizaliwa hapa Lowell, na bahari aliijua mara mbili tu, maji ya magotini, ameshikwa mkono na nyanya yake. Siku ya kwanza wakampima bwawani. Sheria ya jimbo hili ya mwaka 2012 inataka mtoto apimwe anapoingia majini mara ya kwanza, na asiyeweza avalishwe jaketi la kuelea linalomtosha. Akarudi nyumbani na bangili nyekundu, maana yake asivuke sehemu ya maji mafupi. Nilinuna. Usiku ule nikamkumbuka mdogo wangu na wale wavuvi, na asubuhi nikampigia msimamizi simu kuomba awekwe kwenye darasa la wanaoanza. Wazazi wenzangu wa pwani, kwenye kisanduku hicho andikeni kweli. Baharini ni kwetu sisi, si kwa watoto tuliowazaa huku.

Fomu zenyewe ni nyingi, nami nazitetea. Watataka historia ya afya ya mtoto na kadi ya chanjo; kambi nyingine hutaka pia ripoti ya daktari. Usingoje Juni kutafuta miadi, kwa sababu wazazi wote wa mji wanaitafuta wiki hiyo hiyo. Mimi hupiga simu Machi, theluji bado iko chini. Kama mtoto ana pumu, pampu yake iende kwenye boksi lake la dawa lenye karatasi ya duka la dawa na jina lake. Ukiitia kwenye mfuko wa plastiki haitapokewa, na usimlaumu aliyekurudisha.

Lakini nawe una haki ya kuuliza, na hapa ndipo sisi hujivuta nyuma kwa adabu. Tunadhani kumhoji mtu atakayetulelea mtoto ni kumkosea heshima. Kambi ya watoto Massachusetts lazima iwe na leseni ya bodi ya afya ya mji wake. Mzazi anaruhusiwa kuomba aone jinsi wanavyochunguza rekodi za wafanyakazi wao, utaratibu wao wa matibabu, wa nidhamu na wa kupokea malalamiko. Niliuliza mara ya kwanza kwa sauti ya kunong'ona, kama anayeomba chumvi kwa jirani mkali. Yule dada mapokezini hata hakushtuka. Akafungua droo akanipa karatasi.

Kisanduku kilichotuletea fitina ya ukoo ni kile cha watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Tulijiandika mimi na mume wangu, basi. Siku moja lori likaharibika njiani, nami niko zamu. Tukamwomba ami yao aliyekuja kututembelea kutoka Worcester akawachukue. Akaenda na kanzu yake, amenukia udi, akasema mimi ni ami yao. Watoto wenyewe wakamrukia wakimwita ami. Wakakataa. Jina halimo. Wakanipigia simu kazini, nikathibitisha kwa maandishi, na ami akangojea dakika arubaini kwenye kiti cha plastiki. Hakusema nasi wiki mbili. "Watoto wa ndugu yangu, damu yangu, naombwa kitambulisho!" Nilimpikia biriani ya kumbembeleza, lakini moyoni nilikuwa upande wa wale vijana wa kambi. Mtoto humrukia hata muuza aiskrimu. Andikeni majina manne au matano mapema, na mwambieni kila mmoja abebe kitambulisho chenye picha. Na ukichelewa, wengi hutoza faini kwa dakika. Sisi tunatozwa dola moja. Niliwahi kulipa 23 kwa sababu ya msongamano wa magari, nikazilipa kimya.

Chakula. Wiki ya pili nilimfungia mwanangu kashata za njugu, zawadi kutoka nyumbani. Saa tano simu ikalia: kuna mtoto kundini ambaye njugu zinaweza kumuua, tafadhali usirudie. Kwetu sikumbuki kumjua mtoto wa namna hiyo, lakini huku ni jambo la kawaida, na kambi nyingi hazitaki njugu kabisa, wala korosho. Siku hizi ni kashata za nazi, baada ya kuuliza. Wali usiufunge bila kipande cha barafu, kwani boksi hukaa nje kwenye joto mpaka saa sita. Na kwa Waislamu wenzangu: siku ya kuota moto watoto hugawiwa vile vitamtam vyeupe laini vya kuchoma kwa kijiti, marshmallow. Vingi hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Usiache hilo mpaka siku yenyewe; liandike kwenye fomu panapoulizwa vyakula asivyokula, na umpe mtoto vya halali akae navyo mkobani. Asiye na chakula cha kufunga asione haya pia. Kiangazi serikali hugharimia chakula cha bure kwa yeyote wa miaka 18 kushuka, kwenye bustani, maktaba na shule nyingi, na mtoto haombwi karatasi yoyote. Anafika, anakula.

Mama alicheka tena nilipomwambia nawapaka mafuta ya kuzuia jua. "Sisi tuliokulia juani tulipakwa nini?" Tulipakwa mafuta ya nazi, na tulikimbilia kivuli saa sita. Hawa wako uwanjani saa sita. Ngozi nyeusi huungua nayo, haionyeshi tu haraka. Wapake nyumbani kabla ya kutoka, kwa sababu si kila kambi itakubali kuwapaka bila sahihi yako. Viatu viwe vya kufunika vidole, champali hurudishwa. Kila kitu andika jina, hata soksi. Nywele za binti nazisuka mistari midogo kabla ya wiki ya kwanza na kofia ya kuogelea juu yake, maana hakuna kijana wa kambi atakayejua la kufanya nazo zikifumuka.

Kupe ndio walionishangaza kuliko vyote. Nilijua kupe wa ng'ombe. Sikujua kuna kidudu kidogo kama mbegu ya simsim kinachoambukiza ugonjwa unaoitwa Lyme, jina la mji wa jimbo jirani la Connecticut. Kila jioni nawakagua: nyuma ya masikio, makwapani, nyuma ya magoti, kitovuni, na kati ya mistari ya nywele kwa tochi ya simu. Kwa kawaida kupe huhitaji kukaa zaidi ya saa 24 mwilini kabla ya kuambukiza, hivyo ukimwona siku hiyo hiyo unamng'oa kwa kibano na moyo unatulia. Nguo zao huingia kwenye mashine ya kukausha, moto mkali, dakika kumi, kabla hata ya kufuliwa. Mume wangu huniita askari wa mpakani.

Pesa ndizo huwatoa wengi mbioni, na wengi hawajui kuna nafuu. Ikiwa nyote wawili mnafanya kazi, au mmoja anasoma kutwa, na mtoto hajafika miaka 13, ada ya kambi ya mchana huweza kuingizwa kwenye nafuu ya kodi ya serikali kuu, gharama za hadi dola 3,000 kwa mtoto mmoja na 6,000 kwa wawili au zaidi. Kambi ya kulala haihesabiwi. Omba risiti na nambari ya kodi ya kambi kabla hawajafunga, kwani kuwatafuta Februari ni kazi ya upelelezi. Waajiri wengine wana akaunti ya malezi inayokatwa kabla ya kodi. Kiwango chake kilikuwa dola 5,000 kwa familia, na kuanzia 2026 ni 7,500. Pesa ile ile huwezi kuihesabu kotekote. Na kabla ya yote uliza: mna msaada wa ada? Mwaka wetu wa pili tulilipa nusu kwa sababu ya swali hilo moja, na mwaka wa kwanza tulilipa kamili kwa sababu ya kuona haya.

Kuna mtego mmoja wa kalenda. Shule hapa zina deni la siku 180 za masomo, na siku zilizofungwa kwa theluji hulipwa Juni, hivyo tarehe ya kufunga husogea. Ukilipia kambi ya wiki ya kwanza mapema mno, unaweza kujikuta umelipa huku mtoto bado yuko darasani. Mwisho wa Agosti ni kinyume chake: vijana wa kambi hurudi vyuoni, kambi hufungwa, shule bado. Hiyo wiki ya katikati hakuna wa kukuuzia. Nachukua likizo yangu wakati huo.

Sasa nimtendee haki mamangu. Kuna kitu hakiuzwi hapa. Desemba iliyopita tulikuwa Likoni, na siku ya pili mwanangu akaniuliza saa nne tuna shughuli gani. Nikamwambia hakuna. Akauliza saa tano. Nilihisi uchungu. Mimi nilijua kukaa chini ya mwembe nusu siku na kijiti kimoja nikawa nahodha, mwalimu na bibi harusi. Yeye amezoea ratiba, na anajua nyimbo za kambi zaidi ya mafumbo ya nyanya yake. Kila Agosti Kiswahili chake hurudi kimepungua kama sabuni. Hilo sina fomu yake. Ingawa nyumbani nako si miembe mitupu: sheria ya elimu ya 2013 ilikataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na bado nikipiga simu Agosti naambiwa wapwa zangu wako tuisheni.

Kisanduku cha mwisho cha fomu ni cha mtu wa dharura asiye mzazi. Mwaka wa kwanza nilikiangalia mpaka chai ikapoa. Likoni ningeandika ukurasa mzima; Lowell sikuwa na jina. Nikashuka chini, nikamgongea bibi Mkambodia tuliyekuwa tukisalimiana kwa kichwa miaka mitatu, kwani Wakambodia ndio wengi mtaani kwetu. Kiingereza chake na changu vyote ni vya kuazima. Nilimwonyesha fomu, nikamwonyesha watoto. Akaingia ndani, akarudi na miwani, akaandika jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa.

Alihitajika mara moja tu, siku ya dhoruba. Nilipofika nyumbani niliwakuta jikoni kwake. Kitambulisho chake kilikuwa bado mezani, na watoto wangu walikuwa wanakula embe mbichi iliyokatwa vipande, kwa chumvi na pilipili.