Mfuko wa mahindi na mkulima asiyeweza kusubiri

Katika hotuba za kilimo nchini kwetu kuna takwimu isiyokosa: asilimia 30 hadi 40 ya mazao hupotea baada ya kuvunwa. Imetajwa mara nyingi mno hata hakuna anayeuliza ilipimwa kwa zao gani, mkoa gani, msimu upi. Kwa nyanya zinazotoka Ilula kwenda Dar es Salaam ndani ya matenga, nitaiamini bila ubishi. Kwa mahindi makavu yaliyomo ndani ya gunia nina shaka, na shaka yenyewe ina uzito wake, maana miradi mikubwa hupangwa kwa kuifuata namba hiyo.

Mwaka 2014 watafiti Jonathan Kaminski na Luc Christiaensen walichambua tafiti za kaya za Malawi, Tanzania na Uganda, ambako wakulima wenyewe waliulizwa wamepoteza mahindi kiasi gani. Majibu yalikuwa kati ya asilimia 1.4 na 5.9. Tena hasara haikuenea sawasawa: ilibebwa na chini ya moja ya tano ya kaya. Ukiweka namba hizo karibu na zile za majukwaani, mtu mwenye haraka atasema tatizo lilitiwa chumvi na wauza mifuko ya kuhifadhia nafaka, dawa na vihenge.

Sidhani ni rahisi hivyo. Mkulima wa Kongwa aliyeuza magunia yake yote mwezi wa saba, mahindi yakiwa bado na joto la jua, atajibu kwa ukweli kabisa kwamba hakupoteza hata kilo moja. Mdudu hakupata muda wa kuyala. Lakini mwezi wa pili mkulima huyohuyo yuko kwenye soko la mahindi la Kibaigwa au dukani kwa jirani ananunua mahindi kwa debe, kwa bei iliyopanda sana. Hasara yake haimo kwenye mizani, imo kwenye kalenda. Sehemu ya uharaka ule wa kuuza inatokana na hofu ya mdudu, na sehemu nyingine haihusiani na mdudu hata kidogo. Mabishano yote kuhusu teknolojia mpya za hifadhi yanategemea unadhani ni sehemu ipi kubwa.

Hofu ya mdudu ina historia. Fukusi tumeishi naye miaka mingi, lakini dumuzi ni mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kati, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alithibitishwa mkoani Tabora, kisha Taveta upande wa Kenya. Wapo waliompa jina la Scania. Kenya baadaye akaitwa Osama. Majina hayo yanatosha kueleza alivyopokelewa. Hutoboa hindi likiwa bado kwenye gunzi, hutafuna makopa ya muhogo, hata mbao za ghala hazisalimiki, na anachoacha ni unga usiofaa kwa ugali. Ndiye aliyebadilisha desturi: mahindi yaliyokuwa yakihifadhiwa na magunzi yake juu ya dari la jiko yakaanza kupukuchuliwa mapema na kuchanganywa na vumbi la kiuatilifu, kiasi cha gramu 100 kwa gunia.

Vumbi hilo lilisaidia, na bado linasaidia. Ila kaya nyingi hazina ghala la pembeni, kwa hiyo gunia lenye dawa hulala chumba kimoja na watoto. Dawa iliyopita muda wake huuzwa minadani kwenye pakiti inayong'aa, na mwenye haraka ya kusaga hasubiri siku zilizoandikwa kwenye maelekezo.

Hapo ndipo ulipoingia mfuko usiopitisha hewa. Wazo lake lilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 nchini Kameruni, ambako Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue na wenzake walitafuta namna ya kuokoa kunde. Baadaye ukafika kwetu kwa jina la PICS, na wengi huuita kinga njaa. Una tabaka tatu: mbili za nailoni nene ndani, na la nje ni kiroba cha kawaida. Ukishafungwa barabara, wadudu waliomo humaliza oksijeni wenyewe, wanaacha kula, kisha wanakufa. Hakuna sumu inayochanganywa na chakula. Dumuzi anaweza kutoboa nailoni, ndiyo, lakini majaribio mengi yameonyesha kwamba hata pakiwa na matundu machache nafaka huharibika kidogo sana.

Wanaoutetea wana ushahidi wa kuheshimiwa. Katika jaribio la watafiti wa Uswisi lililofanyika Kilosa na Kondoa, kaya zilizopewa mifuko hiyo na mafunzo ziliona tofauti wakati wa miezi ya njaa: idadi ya kaya zenye upungufu mkubwa wa chakula ilishuka kwa asilimia 38. Miradi ya kilimo inayopata matokeo ya namna hiyo kwa kifaa cha shilingi elfu chache si mingi. Mimi ningekuwa mbunge wa jimbo la wakulima wa mahindi ningeikariri.

Ila kaya zile zilipewa mifuko bure. Mfuko dukani huuzwa kiasi cha shilingi 5,000, wakati kiroba cha kawaida ni sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Fanya hesabu ya mfano: gunia la kilo 100, bei wakati wa mavuno shilingi 500 kwa kilo, miezi sita baadaye 800. Tofauti ni shilingi 30,000. Toa 5,000 za mfuko, ambao ukitunzwa vizuri utatumika tena msimu ujao, na bado faida ni nono. Kwa hesabu hiyo mkulima asiyenunua mfuko ataonekana hajui kujumlisha. Anajua sana. Mwezi wa saba huohuo vibarua waliovuna wanadai, deni la mbolea limeiva, kuna michango ya shule na harusi mbili za ukoo. Akikopa kikundini kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi ili asiuze mahindi, miezi sita itameza faida yote ya kusubiri. Mfuko unamfaa mwenye uwezo wa kusubiri, na huyo mara nyingi ndiye aliyekuwa na nafuu tangu mwanzo. Mara nyingine ni mfanyabiashara anayenunua mahindi ya wengine kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, na kuyafungia yeye.

Kuna upungufu mwingine ambao watetezi huupitia harakaharaka: mfuko haukaushi. Mahindi yakifungwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5 yatavunda na kunuka humohumo ndani. Na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, haianzii ghalani. Kuvu huingia shambani, hasa pale ukame unapolibana hindi likiwa linajaza punje, kisha hustawi mahindi yanapocheleweshwa kukauka. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiongoza, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafariki. Mahindi mengi yaliyohusika yalikuwa yamewekwa ndani ya nyumba yakiwa na unyevu, kwa sababu baada ya msimu mbaya watu waliogopa kuibiwa. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara nazo zikapata msiba wao. Mfuko usiopitisha hewa utazuia kuvu kuendelea kama nafaka ni kavu, lakini sumu iliyokwisha kuingia utaitunza salama salimini hadi siku ya kusaga.

Kwa hiyo nikiulizwa fedha ya ruzuku ianzie wapi, nitasema turubai kabla ya mfuko. Kuanika mahindi juu ya udongo mtupu ndiko kunakoharibu mengi, na turubai halina mvuto wa kufanyiwa uzinduzi. Kupima unyevu nako hakuhitaji mashine ya gharama: chumvi kavu ndani ya chupa kavu pamoja na punje za mahindi, tikisa, acha kidogo, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Sehemu ambazo mavuno hukutana na mvua, kama Bonde la Ufa la kaskazini nchini Kenya, jua halitoshi na mashine za kukaushia zinahitajika kweli. Shambani kwenyewe kuna Aflasafe, mtama uliopakwa kuvu wasio na sumu ambao hutawanywa wiki mbili tatu kabla mahindi hayajachanua ili kuwanyima nafasi wale wenye sumu. Inafanya kazi, lakini mkulima hulipia kitu asichokiona kwa faida ambayo soko la kijijini halimlipi, kwa sababu mnunuzi wa Kibaigwa hapimi sumukuvu. Anaangalia rangi, anatafuna punje moja, basi.

Mpakani hupima, wanapotaka. Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikafungua kwa masharti, likiwemo la cheti kinachoonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Afya ilikuwa sababu halali. Lakini malori yaliyokwama hayakuwa ya waliofanya uzembe tu, na aliyekausha vizuri naye bei yake ilitikisika.

Sisi wenyewe tumewahi kufanya vibaya zaidi. Juni 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza marufuku ya kuuza mahindi nje ya nchi, anayetaka auze unga. Nia ilikuwa kulinda chakula cha ndani. Matokeo yake Nyanda za Juu Kusini mahindi yakajaa ghalani na bei ikaanguka. Walioumia zaidi ni wale waliotii ushauri wa maofisa ugani: walihifadhi, wakasubiri, wakauza kwa hasara, huku jirani aliyeuza mapema akionekana mjanja. Sijui mdudu gani anayeweza kuharibu imani ya hifadhi kwa kasi ya tangazo moja la serikali.

Stakabadhi ghalani, yaani hati ya mzigo uliowekwa ghalani, ambayo sheria yake tunayo tangu 2005, ingeweza kumpa mkulima fedha huku mzigo wake ukisubiri bei. Kwenye korosho na ufuta ina watetezi na walalamikaji wa kutosha. Kwa mahindi ni vigumu zaidi, kwani ni chakula, na mwenye magunia matano hayapeleki ghala la ushirika lililo mbali.

Jaribio lililonishawishi zaidi ni la Webuye, magharibi mwa Kenya, lililochapishwa mwaka 2019 na Burke, Bergquist na Miguel. Wakulima wa One Acre Fund, shirika linalowakopesha wakulima wadogo, walipewa mkopo wakati wa mavuno ili wasilazimike kuuza. Waliobaki na mahindi wakauza baadaye, na mkopo ukaleta faida ya asilimia 29. Jambo la kufikirisha ni kwamba pale wengi walipokopa, bei ya wakati wa mavuno ilipanda na ya miezi ya njaa ikapungua makali. Faida ya aliyekopa ikashuka, na sehemu kubwa ya manufaa, kwa makadirio yao, ikaenda kwa majirani ambao hawakukopa. Kwa benki hiyo ni biashara mbaya. Kwa kijiji ni nzuri sana, ndiyo maana sitegemei benki iikimbilie.

VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, wanaweza kuanza. Vikundi vingi huvunja mzunguko Desemba, fedha inapatikana wakati wa sikukuu na mahindi yalishauzwa Julai. Kikundi cha wakulima wa mahindi kikihamishia mgao mwezi wa saba, wanachama watalipa vibarua na deni la mbolea bila kugusa gunia, na hapo mfuko wa shilingi 5,000 utakuwa na kitu cha kufungia. Hakuna mfadhili anayehitajika, ila kikao kirefu, kwa sababu kuna watakaouliza Krismasi italiwa nini.