Hormuz Imefika Jomvu Kuu

Naomba niwaulize majirani zangu wa Jomvu Kuu, hapa Mombasa, kwa heshima zao zote: mkokoteni ulianza lini kutumia petroli? Nauliza kwa sababu asubuhi ya leo muuza maji amesimama mlangoni kwangu, akashusha mitungi mitatu, akapokea shilingi 60 kama ilivyo ada yetu, akazihesabu, akazitazama tena, kisha akanifahamisha kwa sauti ya msemaji wa serikali kwamba mtungi wa lita 20 sasa ni shilingi 30, kutokana na hali ilivyo katika Mlango-Bahari wa Hormuz.

Sikukurupuka. Mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, na taarifa ya habari huisikiliza mpaka kwenye hali ya hewa. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba Hormuz naijua, iko kati ya Iran na Oman, na kwamba kwa kawaida takriban sehemu moja ya tano ya mafuta yanayotumiwa duniani hupita pale. Tena meli za mafuta zitokazo Ghuba tunaziona wenyewe zikiingia Kipevu, kwenye gati la mafuta la bandari yetu. Kwa hiyo mwenye bodaboda akiniongezea nauli nitanung'unika na nitalipa, maana pikipiki ina tangi. "Lakini wewe, mwanangu, una mbao, matairi mawili na mikono yako. Na haya maji yanatoka Mzima, huko Tsavo, yanafuata bomba la zaidi ya kilomita 200 kwa mteremko tu. Hayakupita Hormuz. Hebu nionyeshe petroli iko wapi."

Nikajiona nimemaliza kazi. Nilikwisha hata kuushika mtungi wa kwanza.

Kijana akavua kofia, akajipangusa jasho, akasema, "Ami, petroli ni mimi."

Kisha akaanza kunifafanulia, na sikumbuki mwalimu yeyote aliyewahi kunisomesha kwa subira ile. Alisema kwamba yeye huondoka alfajiri akiwa amekula chapati tatu na maharagwe, na bila chapati hizo mkokoteni haukipandi kile kilima cha kutokea barabara kuu. Chapati ni ngano, na ngano sehemu kubwa tunaiagiza ng'ambo, ikiwemo ya Urusi na Ukraine, ambako mizinga inalia tangu Februari 2022. Chapati ni mafuta ya kupikia vilevile, na mafuta hayo huletwa na lori, na lori hunywa dizeli, na bei ya dizeli hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, tarehe ambayo mama wa chapati huisubiri kwa hamu kubwa kuliko mshahara, kwa kuwa mshahara hana. Sasa chapati zake zimekuwa nyembamba hata ukiinua moja unamwona aliyeketi upande wa pili na unaweza kumwamkia. Kwa hiyo kijana analazimika kula tano. "Injini ni ile ile, Ami, ila siku hizi inakunywa zaidi."

Nikageuza mashambulizi. Nikamkumbusha kwamba mwishoni mwa mwaka 2023 Wahouthi wa Yemen walipoanza kuzishambulia meli katika Bahari ya Shamu, na meli zikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, yeye huyu huyu alitupandishia mtungi kutoka shilingi 15 hadi 20. Na mashambulizi yalipotulia, mtungi haukushuka hata senti. Je, amani haina bei yake?

Akanitazama kwa huruma. "Ami, amani ile bado ni tete."

Nimelipa. Na mtungi mmoja ulikuwa umepungua kiasi cha vidole vinne kutoka shingoni. Huenda maji hayo nayo yalizungushwa Rasi ya Tumaini Jema.

Si yeye peke yake. Kinyozi wetu bado anaisingizia ile meli ya Ever Given iliyokwama katika Mfereji wa Suez kwa siku sita, Machi 2021, ingawa mashine yake ya kunyolea ni kongwe kuliko meli yenyewe. Mama wa mahamri hakupandisha bei, Mungu ambariki, ila hamri lake siku hizi ukiliuma unakutana na hewa ya moto na pole.

Linalonikera si shilingi kumi. Shilingi kumi tumezizoea. Linalonikera ni kwamba sisi hatuijui tena dunia ila kwa upande wa mfuko. Barazani, kwenye kahawa, watu wanakutajia makombora kwa aina zake na wanachambua vita kama watangazaji wa mpira, lakini Sudan, ambayo ni jirani wa jirani zetu, ambako watu wanauana tangu tarehe 15 Aprili 2023 na mamilioni wamekimbia makwao, hakuna aitajaye, kwa sababu haijampandishia mtu hamri. Niliwahi kuitaja mimi. Wakanyamaza kidogo, kisha mmoja akauliza kama Sudan inatuuzia nini.

Na hatuna hata haki ya kuwacheka wakubwa wa dunia. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lina wanachama 15, na kati yao watano tu ndio wenye kura ya turufu. Kijijini kwetu, mkutano wa kulitengeneza bomba lililopasuka nyuma ya msikiti ulihudhuriwa na watu wasiopungua arubaini, wote wakaafiki, mzee wa mtaa akafunga kwa dua, ndipo bibi mwenye shamba ambamo bomba linapita akasema halichimbwi, kwa kuwa mchimbaji atakata mizizi ya mwembe wake. Kura ya turufu moja. Suala likaundiwa kamati. Kamati haijakaa, maana mwenyekiti wake ni mwanawe yule bibi, na mwenye viti vya plastiki vya kukodi anasema hatoi kiti kingine mpaka alipwe vya mkutano ule wa kwanza, tena kwa bei mpya.