Aspen na maji ya kesho: haki ibaki, bwawa lihame

Aspen, mji wa watu wapatao 7,000 katika Milima ya Rocky jimboni Colorado, hunywa maji ya vijito viwili, Castle na Maroon, vinavyoshuka kutoka kwenye vilele vya theluji na kuingia Mto Roaring Fork karibu na mji. Maji huchepushwa moja kwa moja kutoka kijitoni hadi kwenye mtambo wa kusafishia, ambako kuna lambo dogo lisiloweza kuubeba mji kwa siku nzima ya kiangazi. Bwawa halipo. Hata hivyo, mwaka 1965 mji uliomba mahakamani haki ya kuhifadhi maji katika mabwawa mawili makubwa, ukapewa haki hizo mwaka 1971, na kwa miongo mingi baada ya hapo umekuwa ukirudi mbele ya jaji kueleza kwamba nia ya kuyajenga bado ipo, ingawa hakuna hata msingi mmoja uliochimbwa. Mvutano uliozuka mwaka 2016 juu ya haki hizo, pamoja na mapatano yaliyofuata, unafaa kutazamwa kwa makini na yeyote anayejiuliza ni maji kiasi gani mji unaruhusiwa kujiwekea kwa ajili ya watu ambao bado hawajazaliwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki anahitaji kwanza kuielewa sheria yenyewe, kwa kuwa haifanani na yetu. Tanzania, anayetaka kutumia maji ya mto huomba kibali kwa bodi ya maji ya bonde husika. Kenya huomba kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Na kote kuwili kibali huwa na masharti yake. Colorado nayo hutambua kwamba maji ya mito ni mali ya umma, lakini haki ya kuyatumia hupatikana kwa kutangulia. Aliyeanza kwanza huchota kwanza, na mwaka wa ukame aliyechelewa hufungiwa kabisa kabla aliyetangulia hajapunguziwa hata ndoo moja. Tarehe, kwa hiyo, ina thamani kuliko hata ujazo ulioandikwa kwenye hati. Kwa miradi mikubwa ambayo haiwezi kukamilika haraka, sheria hutoa haki ya masharti: unashika nafasi kwenye foleni leo, nawe utachota mradi utakapokamilika. Ni kama kiwanja kilichokwisha kuwekewa mawe ya mpaka: mwenyewe hajajenga, lakini hakuna mwingine awezaye kukigusa mpaka ithibitike kwamba amekitelekeza. Ili asihesabiwe kuwa amekitelekeza, mwenye haki hufika mahakama ya maji kila baada ya miaka 6 na kuonyesha kwamba amekuwa akifanya juhudi za kweli kuelekea ujenzi.

Mabwawa ya Aspen yalikuwa makubwa kwa kipimo chochote cha mji mdogo. Lile la Maroon lingekuwa na ukuta wa futi 155, sawa na mita 47, mahali ambapo matawi ya Mashariki na Magharibi ya kijito hicho hukutana, chini kidogo ya Ziwa Maroon, mbele ya vilele pacha vya Maroon Bells ambavyo hupigwa picha kuliko karibu mlima mwingine wowote wa jimbo hilo. Lingebeba takriban mita za ujazo milioni 5.6. Lile la Castle, lenye ukuta wa futi 170, yaani karibu mita 52, lingejengwa chini ya Ashcroft, mahame ya wachimbaji wa fedha wa karne ya 19, na kubeba takriban milioni 11.2. Sehemu ya ardhi ambayo ingefunikwa na maji imo ndani ya nyika ya Maroon Bells-Snowmass, iliyohifadhiwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1964, na kwa mujibu wa sheria hiyo bwawa katika eneo la namna hiyo linahitaji idhini ya Rais wa Marekani mwenyewe. Mji uliwasilisha ombi lake mwaka mmoja tu baada ya sheria hiyo kupitishwa. Sijui kama kuna mfano mzuri kuliko huo wa mikono miwili ya dola kuchora mipango yake juu ya bonde lile lile.

Oktoba 2016, Baraza la Mji liliamua kuwasilisha tena ombi la kuzidumisha haki hizo katika mahakama ya maji iliyoko Glenwood Springs. Safari hiyo mambo hayakupita kimyakimya. Wapinzani 10 walijitokeza, wakiwemo Idara ya Misitu ya Marekani, Kaunti ya Pitkin ambayo makao yake makuu ni hapo hapo Aspen, mashirika ya mazingira kama American Rivers, Wilderness Workshop, Western Resource Advocates na Colorado Trout Unlimited, pamoja na wamiliki wa ardhi wa mabondeni.

Hoja ya mji ilikuwa na uzito, na waliodhani kuwa ni ukaidi wa maofisa tu hawakuitendea haki. Katika milima ile, bwawa halisi limekuwa siku zote ni theluji yenyewe. Hujikusanya majira ya baridi, huyeyuka kwa wingi kati ya Mei na Juni, kisha vijito hupungua polepole hadi mwisho wa kipupwe, wakati hoteli zimejaa wageni wa skii na maji ni machache kuliko wakati wowote wa mwaka. Joto likizidi, theluji huyeyuka mapema, na pengo kati ya maji kushuka na maji kuhitajika hupanuka. Aliyepoteza tarehe ya 1971 hawezi kuirudisha. Akiomba upya hupewa tarehe ya siku anapoomba, naye hukaa nyuma ya wote waliotangulia katika bonde la Mto Colorado, mto ambao majimbo 7 yamekuwa yakigombania mgao wake tangu mkataba wa mwaka 1922.

Kuna jambo la pili ambalo kwangu mimi lina nguvu zaidi kuliko takwimu za ukame, nalo ni moto. Agosti 2020 moto wa Grizzly Creek uliteketeza misitu ya juu ya Glenwood Springs, mji ulioko chini ya Aspen katika bonde hilo hilo, unaotegemea vijito vya No Name na Grizzly. Mvua za kiangazi cha 2021 zilipopiga miteremko iliyobaki majivu, matope yaliporomoka, barabara kuu ya korongo lile ikafungwa kwa majuma kadhaa, na maji yaliyofika kwenye vyanzo vya mji yalikuwa tope. Mji usio na akiba hauna la kufanya siku kama hiyo isipokuwa kufunga banio na kuomba tope litulie upesi. Mabonde ya Castle na Maroon yana misitu ya namna hiyo hiyo, na njia moja ya maji kila moja.

Wapinzani nao hawakukosa hoja, na ile kali kuliko zote waliiokota mezani kwa mji wenyewe. Ripoti ya kitaalamu iliyoandaliwa kwa ajili ya Aspen mwaka 2016 ilionyesha kwamba haki zilizopo zingekidhi mahitaji ya mji kwa nusu karne ijayo bila bwawa lolote. Itakuwaje basi mwombaji aliyeambiwa na mtaalamu wake kwamba hahitaji bwawa afike mbele ya jaji na kuapa kwamba anakusudia kulijenga? Sheria ya Colorado humtaka mwenye haki ya masharti aonyeshe kwamba anaweza kuujenga mradi na ataujenga, ndani ya muda wa busara. Sharti hilo liliwekwa makusudi ili kuzuia ulanguzi, yaani mtu kuhodhi maji asiyo na haja nayo huku akisubiri bei ipande. Miji hupewa nafuu kidogo kwa kuwa hukua, lakini katika kesi ya Pagosa ya mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema nafuu hiyo si hundi isiyojazwa: mji lazima utaje kipindi cha mipango kinachoeleweka, makadirio ya watu yenye ushahidi, na kiasi cha maji ambacho kila mtu atahitaji kwa kweli.

Hapo ndipo msimamo wa mji ulipokuwa dhaifu. Maofisa waliwaambia wananchi kwamba mabwawa yangekuwa njia ya mwisho kabisa na huenda yasijengwe kamwe, ilhali hati iliyokwenda mahakamani ilipaswa kusema kinyume chake ili haki zisife. Mji ambao mwaka 2015 ulitangaza kwamba umeme wake wote unatokana na vyanzo jadidifu ulijikuta ukitetea ukuta wa mita 47 mbele ya mlima ambao picha zake huwaletea wageni. Sidhani kama kulikuwa na udanganyifu. Lakini sheria inayomlazimisha mtu mwangalifu kutamka nia asiyokuwa nayo moyoni, ili tu asipoteze kinga yake, ina kasoro ambayo Aspen peke yake haiwezi kulaumiwa kwayo.

Hata hivyo, ripoti ya 2016 nayo isibebeshwe mzigo isioweza kuubeba. Hesabu za mtiririko wa mto huonyesha kama maji yatatosha; hazionyeshi kama yatapitika siku mlima umeungua. Uchambuzi mwingine uliofanyika mwaka 2017, ambao ulitazama hatari badala ya wastani, ulifikia hitimisho kwamba akiba ingeweza kuhitajika. Kutofautiana huko si ushahidi kwamba mmoja alikosea. Waliulizwa maswali mawili tofauti.

Mwaka 2018 pande zote zilikubaliana, na mwaka 2019 mahakama ikatoa hukumu iliyoyatia nguvu mapatano hayo. Mji ulikubali kuacha kabisa kujenga katika maeneo yale mawili ya awali, hata kama juhudi za kuzihamisha haki zitashindikana. Kwa upande wao wapinzani walikubali mji ubaki na tarehe yake, upunguze ujazo hadi takriban mita za ujazo milioni 10.5, na utafute mahali pengine pa kuhifadhia: machimbo ya kokoto huko Woody Creek, kipande cha ardhi cha ekari 63 kando yake ambacho mji ulikinunua kwa dola milioni 2.65, viwanja viwili vya gofu, na ranchi ya Cozy Point. Yaani haki ilitenganishwa na mahali pake. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi uliopaswa kufikiwa miaka mingi kabla, kwani kilichostahili kulindwa tangu mwanzo kilikuwa nafasi katika foleni, wala si korongo fulani.

Ila kuhama kuna gharama ambayo katika furaha ya mapatano haikujadiliwa vya kutosha. Mabwawa ya awali yangekaa juu ya mji na maji yangeshuka yenyewe. Woody Creek iko chini ya mji, na maji yatakayohifadhiwa huko yatahitaji kusukumwa kwa pampu kupanda hadi kwenye mtambo wa kusafishia, kwa bomba la kilomita nyingi na umeme wa kila siku. Tena, badala ya kuwazamishia wanyamapori makazi yao, mradi sasa utawakaribia watu waishio jirani na machimbo, ambao hawakuwa upande wowote wa mapatano yale. Uhifadhi wa chini ya ardhi kwenye viwanja vya gofu unapunguza ubaya wa kuonekana, lakini hauondoi haja ya kuchimba na kuziba kingo ili maji yasivuje.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye ule ujazo wa milioni 10.5. Ukiugawa kwa wakazi 7,000, kila mmoja anapata mita za ujazo 1,500. Ukifanya idadi kuwa mara tatu kwa ajili ya wageni, bado ni 500 kwa kichwa, kiasi ambacho kaya inayotumia lita 400 kwa siku haiwezi kukimaliza ndani ya miaka 3. Sehemu kubwa ya maji ya kiangazi huko huishia kwenye nyasi za bustani, na kanuni za bustani zinazotumia maji kidogo, ambazo mji ulizipitisha mwaka 2017, ni kukiri kwamba hapo pana nafasi ya kupunguza. Akiba ya kuuvusha mji majuma ya tope baada ya moto ni ndogo sana ukilinganisha na hiyo. Akiba ya kuuvusha ukame wa misimu miwili mfululizo ni kubwa. Hizo ni hoja mbili, nazo zinahitaji mabwawa mawili ya ukubwa tofauti na pengine mahali tofauti, lakini kwenye hati zimewekwa chini ya tarakimu moja. Hukumu ya 2019 iliupa mji miaka mingine 6 kabla ya kutakiwa kuonyesha juhudi zake tena, na kila duru ya namna hiyo jaji ana haki ya kuuliza ni mita ngapi za moto na ni mita ngapi za nyasi.