Namba ya Gari la Mjumbe

Mimi sikuomba ujumbe wa kamati. Nataka hilo lieleweke mapema, kabla hamjaanza kunitazama kama mtu mwenye cheo. Nilichofanya ni kuiandikia halmashauri barua za malalamiko kuhusu basi ninalopanda kwenda kazini. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili haikujibiwa. Ya saba ikajibiwa kwa uteuzi: nimekuwa Mwakilishi wa Abiria kwenye Kamati ya Usafiri. Mke wangu aliisoma ile barua mara mbili, akaikunja, akasema, "Wamechoka kukusoma. Sasa wameona bora wakusikilize mara moja yaishe."

Kikao cha kwanza kilipangwa saa tatu asubuhi. Nikatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, maana mpanda basi hapangi muda wa safari, anapanga muda wa kituoni. Safari yenyewe ni nyongeza. Nikafika saa tatu na dakika ishirini, shati nililolipiga pasi usiku limekwisha kunjwa upya na abiria wenzangu. Mlangoni nikapewa fomu ya kurudishiwa gharama za usafiri. Nikasema moyoni, kumbe watu hawa ni waungwana.

Fomu ilikuwa na nafasi tatu tu: namba ya gari la mjumbe, umbali aliosafiri, na lita za mafuta alizotumia. Nikamwambia karani, kijana mpole tu, "Mwanangu, mimi nimekuja na basi." Akaitazama fomu, akanitazama mimi, akairudia fomu. "Mzee wangu, hapa basi halimo. Jaza tu, maana bila namba mfumo haunipitishi."

Basi, nikajaza. Nikaandika namba ya lile basi. Wala haukuwa ujanja. Ndiyo namba pekee ya gari niliyonayo kichwani. Simu ya mke wangu mpaka niitafute, lakini namba ya basi lile naijua hata usingizini, kwa sababu kila asubuhi naisoma kwa nyuma, likiwa linaondoka. Kwenye lita nikaandika "aulizwe dereva". Nikasaini, nikaingia ndani, nikaisahau.

Ajenda ya kwanza ilikuwa Kuhamasisha Wananchi Kuacha Magari Nyumbani. Afisa akatuonyesha bango. Bwana mmoja nadhifu ameketi dirishani ndani ya basi, anatabasamu, na mkoba wake umepumzika kwenye kiti cha pembeni. Mkoba! Umepewa kiti! Kwenye basi langu mimi mkoba nausikia tu. Nikiupandisha mlango wa mbele, naupata tena nikishuka, na katikati hapo umelelewa na watu nisiowajua. Nikanyoosha mkono. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kujua basi hilo linapita njia ipi, nihamie huko." Wakacheka ukumbi mzima. Mimi nilikuwa nauliza kweli.

Mjumbe mmoja akapendekeza msafara wa magari yenye vipaza sauti upite barabara kuu asubuhi, uwaambie watu wapunguze magari barabarani. Pendekezo likapita. Twende mbele.

Ajenda ya pili ndiyo iliyonipandisha presha. Mkaguzi alisimama na faili lake, akasoma kwamba njia yetu inatakiwa kuwa na mabasi sita kwa saa, na yeye amekaa pale mwanzo wa njia, amehesabu kwa macho yake, ni sita. Utekelezaji asilimia mia moja. Makofi.

Nikasimama bila kuruhusiwa. Nikasema, Mheshimiwa, sita ni kweli. Sibishi. Lakini yanakujaje? Yakija moja moja kila baada ya dakika kumi, mtu anayefika kituoni wakati wowote anasubiri dakika tano kwa wastani. Yakija mawili mawili, yamefuatana kama maharusi, yanakuja kila baada ya dakika ishirini, na kusubiri kunakuwa dakika kumi. Yakija matatu matatu, dakika kumi na tano. Na yakiamua kuja yote sita kwa pamoja mara moja kwa saa, mimi nasubiri nusu saa kwa wastani, siku ya mkosi saa nzima, na mkaguzi wetu bado anaandika sita, asilimia mia moja, makofi. Halmashauri inahesabu mabasi. Kituoni tunahesabu dakika. Ni vitabu viwili tofauti, na changu hakuna anayekikagua.

Mwenyekiti akafikiri kidogo. "Mjumbe," akasema, "sita ni sita."

Msishangae nilikotoa hesabu hizo. Nimesoma sana mimi, na chuo changu ni kituoni. Kusubiri kote huko, na simu iko mkononi, utafanya nini? Waliosema subira yavuta heri hawakutaja inachukua dakika ngapi. Mimi imenipa elimu. Nimejifunza, kwa mfano, kwamba mabasi kuandamana si uchawi wala si makusudi. Basi la mbele likichelewa kidogo tu, kituo kinachofuata linakuta watu wamezidi. Kuwapakia kunachukua muda, linazidi kuchelewa, mbele linakuta watu wengi zaidi. La nyuma yake linakuta vituo vimekwisha fagiliwa, halina wa kumpakia, linateleza tu mpaka linalifikia la mbele. Toka hapo ni pete na kidole. Wataalamu wawili, Newell na Potts, walilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1964. Nilizaliwa baadaye, nikakuta mabasi yamekwisha shikana.

Dawa yake si ngumu kiasi hicho. London, njia zenye mabasi ya mara kwa mara hazipimwi kwa idadi tu. Wanapima dakika za ziada ambazo abiria amesubiri kupita zile ambazo angesubiri kama mabasi yangekuja kwa mpangilio, na kampuni inayoendesha njia ile inaongezwa au kukatwa malipo kwa kipimo hicho. Yaani kule kusimama kwangu kituoni kuna mtu anakatwa nako hela! Niliposoma habari hiyo nilisoma tena. Nikamsomea na jirani niliyesimama naye. Naye akasema huo ni uzushi wa mtandaoni.

Na dereva simlaumu. Dereva anayelipwa kwa vichwa atakimbilia vichwa. Bogotá, Colombia, ilikuwa hivyo kabla ya mwaka 2000, walipoanzisha TransMilenio, mfumo wao wa mabasi ya haraka: mabasi yanakimbizana kugombea abiria barabarani, wenyewe wakaita vita vya senti. Sasa usidhani ukimlipa mtu bila kujali abiria ndiyo umemaliza kazi. Santiago, Chile, mwaka 2007 walibadilisha mfumo mzima kwa siku moja, wenye mabasi wakawa wanalipwa sehemu kubwa ya fedha hata wasipobeba abiria wa kutosha. Mtu akilipwa bila kubeba, mwanangu, habebi. Watu wakajaa vituoni mpaka suala likamfikia rais wa nchi. Kwa hiyo kuna namna mbili za kunikosesha basi: kumlipa dereva kwa sababu yangu, na kumlipa bila sababu yangu. Kati ya hizo mbili ndipo panapotakiwa kukaa mtu wa halmashauri mwenye akili na kalamu, na mtu huyo siku ile alikuwa anapigiwa makofi.

Mjumbe mwingine, mzito, mwenye ufunguo wa gari mezani kama kitambulisho, akasema shida yote ni barabara nyembamba, ipanuliwe. Nikamwambia Houston, Marekani, walipanua barabara moja inaitwa Katy Freeway mpaka pengine ukihesabu njia zote na za pembeni zinafika ishirini na sita, na foleni ikarudi na nduguze. Akaniuliza, "Umefika Houston?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi." Hoja yangu ikafia hapo, ya Houston.

Akaja wa nauli bure. Huyu nilimpenda, ana moyo mzuri. Nikamwambia Tallinn, Estonia, wamewafanyia wakazi wao bure tangu mwaka 2013, lakini walioongezeka kwenye mabasi wengi walikuwa wakitembea kwa miguu. Wenye magari hawakushtuka sana. Mwenye gari humtoi kwa bure. Unamtoa kwa basi linalokuja, na kwa kumfanya aone gari linamgharimu. Stockholm, Sweden, walijaribu kuwatoza magari yanayoingia katikati ya jiji kwa miezi saba mwaka 2006. Kabla ya majaribio wengi walipinga. Magari yakapungua kama asilimia ishirini, watu wakaona kumbe barabara inapitika, Septemba mwaka uleule wakapiga kura wenyewe wakasema tozo ibaki. Nilipotamka neno "kutoza magari" nikasikia ukumbi mzima umekohoa. Ile kohoa ya pamoja, bila kupangwa. Mwenyekiti akasema tuvunje kwa chai.

Baada ya chai wakaamua kufanya ziara ya kushtukiza kwenye kituo changu. Tulitangaziwa ziara ya kushtukiza wiki mbili kabla. Mgeni njoo, mwenyeji apone: tulipona siku moja ile. Kituo kikapakwa rangi, likaja benchi, ratiba ikabandikwa, na mabasi, wallahi, yalikuja moja moja, dakika kumi, dakika kumi, matupu, yananukia sabuni. Kondakta mmoja akamwambia abiria "tafadhali". Yule mama aliyeambiwa aligeuka kumtafuta aliyekuwa nyuma yake. Wajumbe wakaandika "hali ni ya kuridhisha". Saa saba mchana pikapu ikaja kuchukua benchi. Lilikuwa la kuazima.

Wiki mbili nyingine zikapita, barua ikaja. Inaanza kwa heshima, inaendelea vibaya. "Kwa kuwa kumbukumbu za halmashauri zinaonyesha kuwa wewe ni mmiliki wa basi lenye namba zilizotajwa hapo juu, imebainika kuwa una mgongano wa maslahi." Nimeondolewa uwakilishi wa abiria. Nimehamishiwa kundi la Wamiliki wa Vyombo. Mke wangu akauliza, kwa sauti ya chini ambayo siipendi, kwamba basi hilo nililinunua lini na fedha zake ziko wapi.

Nilikwenda kwa yule karani. Akafungua mfumo, ndiyo hivyo: namba ya gari la mjumbe, jina la mjumbe. Nikamuuliza, na mwenye basi wa kweli je? Akasogeza sogeza, akasema huyo hayumo, hajawahi kujaza fomu yoyote. Katika jitihada zote za halmashauri kumsimamia mwenye basi lile, mtu pekee aliyejitokeza kuandika jina lake ni mimi. Nikamwambia futa. Akasema kufuta kuna fomu yake, na nafasi ya kwanza kwenye fomu hiyo ni saini ya mmiliki.

Siku tatu baadaye ikaja ya pili. Faini. Tairi mbili za nyuma ni vipara, taa ya breki haiwaki, na basi limekutwa limezidisha abiria siku ya Jumatatu asubuhi. Nikakaa kitako. Tairi zile ndizo nilizoziandikia barua ya pili. Taa ya breki ni barua ya nne. Barua saba sikusikia hata kikohozi. Leo wamechukua hatua ndani ya siku tatu, na hatua yenyewe ni mimi. Na Jumatatu ile nilikuwa ndani ya basi, mguu mmoja ndani, mwingine nimeuazima hewani. Katika wale abiria waliozidi, mmoja ni mimi. Nimetozwa faini kwa kujibeba.

Nikaingia kwenye basi kwenda kulalamika, barua mkononi. Kondakta ni mdadisi, akachungulia, akasoma namba, akasoma jina. Nikamwona uso unabadilika. "Mzee... kumbe wewe ndiye bosi?" Kabla sijajibu akapiga bodi ya basi mara mbili, akamwita dereva, "Oya, tajiri yumo ndani!" Gari likapunguza mwendo. Lilisimama kituo kizima, tena pembeni, siyo katikati ya barabara. Vijana wawili wakainuliwa kwenye viti vya mbele bila maelezo. "Karibu bosi, kaa dirishani. Sasa bosi, na tairi lini?"

Nilitaka kusema kweli. Nataka hilo nalo lieleweke. Lakini mtu mwenye miaka mingi ya kusimama akikaribishwa dirishani, magoti yanajibu kabla ya mdomo. Nikaketi. Upepo ukaingia. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, hakuna aliyethubutu kukaa karibu na tajiri, nikaona nijaribu kitu: nikauweka mkoba pale. Ukapumzika. Nikatabasamu mwenyewe, kama yule bwana wa bango, nikasema wiki hii tairi zitapatikana, taa nitaangalia.

Tulipofika halmashauri kondakta akanishika mkono kunisaidia kushuka, akanitoza nauli mbili: yangu na ya mkoba.