Paka wa Nyalenda na paka wa Leeds

Nyumbani kwetu Nyalenda, Kisumu, paka hakuwa na jina. Aliitwa paka tu, na kazi yake ilijulikana: panya wasiguse gunia la mahindi lililokaa nyuma ya mlango wa jikoni. Huku Leeds, Uingereza, ambako huu ni mwaka wangu wa saba, ninaishi na paka wa kijivu niliyempa jina la Omena kwa sababu manyoya yake hung'aa kama omena, wale dagaa wetu, waliotoka ziwani alfajiri. Kabla sijakabidhiwa paka huyo nilihojiwa kuhusu saa zangu za kazi, madirisha ya nyumba yangu na nani angemlisha nikisafiri. Ninapowasimulia watu wa nyumbani haya, jibu huwa lile lile, kwamba Wazungu wana pesa za kuchezea na kwamba paka kwao ni mtoto. Mimi sikubaliani nalo. Kwa maoni yangu, kumtunza paka ipasavyo si anasa ya Ulaya. Kisumu inauhitaji utunzaji huo kuliko Leeds, na sehemu yake kubwa haigharimu hata nauli ya kutoka Nyalenda hadi mjini.

Nianze na kosa letu wenyewe. Nilikuwa kidato cha pili paka wetu alipoumwa na mbwa mguu wa nyuma, akarudi akichechemea. Mama alimhurumia sana. Alikata kidonge cha parasetamoli katikati, akasaga nusu moja kwa mgongo wa kijiko, akaichanganya na mchuzi wa samaki, na paka akaramba kisahani mpaka kikawa safi. Kufikia jioni uso wake na nyayo zake zilikuwa zimevimba, ufizi ambao kwa kawaida ni wa waridi ulikuwa umegeuka rangi ya matope, naye alihema mdomo wazi kama aliyekimbizwa. Hakuiona asubuhi. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama linavyofanya ini la binadamu, na kwamba kinachobaki mwilini huiharibu damu hata ishindwe kubeba oksijeni. Kwa paka hakuna kipimo cha parasetamoli kilicho salama, kiwe nusu ya kidonge au robo. Mama yangu hakukosa upendo wala hakukosa pesa. Alikosa sentensi moja ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwambia.

Kosa la pili la siku ile lingeweza kutuua sisi wenyewe. Tulimshika yule paka na kumwosha kidonda kwa mikono mitupu, na hakuna aliyeuliza kama mbwa aliyemuuma alikuwa amechanjwa. Uingereza iliuondoa ugonjwa wa kichaa miongoni mwa mbwa na paka wake mwaka 1922, na ndiyo sababu Omena hajawahi kuchanjwa dhidi yake, kwa kuwa hapa chanjo hiyo hutolewa hasa kwa mnyama anayesafirishwa nje ya nchi. Kenya bado inazika watu kwa ugonjwa huo. Mpango wa taifa wa kuutokomeza ulianza 2014 ukiwa umelenga mwaka 2030, na Kisumu pamoja na jirani yetu Siaya zilikuwa miongoni mwa kaunti tano za mwanzo. Hata hivyo jina lenyewe, kichaa cha mbwa, linatupotosha, kwa maana wengi wetu hudhani paka hahusiki. Paka huambukizwa na mbwa, na akimuuma mtoto humpa ugonjwa ule ule, ambao dalili zikishajitokeza hauna tiba. Kwa hiyo chanjo ikiletwa mtaani, kama ilivyo desturi sehemu nyingi karibu na 28 Septemba, ambayo ni siku ya kimataifa ya ugonjwa huo, paka naye apelekwe. Na aliyeumwa, na paka au na mbwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo bila kungoja kuona kama mnyama atakufa.

Kuna jambo jingine ambalo jiografia yetu imelifanya kuwa zito zaidi. Paka jike huingia kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, kwa kufuata urefu wa mchana. Huku, Desemba, jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na majike wengi hupumzika hadi siku zianze kurefuka. Kwetu bango la Ikweta limesimama pale Maseno, mchana ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, na paka jike hana msimu wa kupumzika. Anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, huibeba kwa siku 65 hivi, na huweza kushika nyingine kabla watoto hawajaacha kunyonya. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipopewa gunia lenye watoto wanne wa paka nikaambiwa niwaache Kibuye siku ya Jumapili, soko likiwa limejaa, ili wapate wa kuwaokota. Njia nzima nilihisi makucha yao madogo yakinikwaruza mgongoni kupitia gunia. Niliwaacha kando ya meza za mitumba nikaondoka mbio, na sikumwambia mtu kwamba nililia.

Huku paka huhasiwa akiwa na umri wa miezi minne hivi, na Omena alikabidhiwa kwangu akiwa tayari amefanyiwa hivyo. Nikilitaja jambo hili nyumbani, huambiwa kwamba kumfunga mnyama kizazi ni ukatili. Mimi nililibeba lile gunia, na ninajua ukatili uko wapi. Ninakiri kwamba upasuaji huo ni gharama kwa familia ya Nyalenda au Manyatta, lakini majirani watatu wakichanga, jike mmoja anayezunguka nyumba zao zote tatu anaweza kuhasiwa.

Kuhusu chakula, sisi ndio tuliobarikiwa, ila hatujui. Wazee wetu waliamini kwamba paka akishiba hawindi, na imani hiyo imewakondesha paka wengi bure, kwa sababu paka huwinda kwa silika, na aliyeshiba ana nguvu za kumfukuza panya hadi mwisho. Mwili wa paka umeumbwa kuishi kwa nyama na samaki. Kuna kirutubisho kiitwacho taurini ambacho hawezi kujitengenezea cha kumtosha, naye akikikosa kwa muda mrefu hupofuka na moyo wake hudhoofika. Ugali hauna taurini hata chembe. Omena wanayo, na gorogoro moja ya omena, lile kopo kubwa la kupimia sokoni, humlisha paka kwa siku nyingi kuliko kopo la chakula ninalonunua hapa. Waoshwe vizuri mchanga utoke, wachemshwe bila chumvi, wasiungwe kwa kitunguu wala kitunguu saumu, maana vyote viwili huharibu damu ya paka. Moyo na filigisi za kuku zinafaa pia. Maziwa, ambayo kila mtu humwekea paka kwa nia njema, huwaharisha paka wengi wakubwa. Anachohitaji ni maji safi, tena yakae mbali kidogo na sahani ya chakula, kwa kuwa paka wengi hawapendi kunywa pale wanapokula.

Choo si tatizo pale penye udongo wa kufukua. Anayeishi ghorofani anaweza kutumia karai lenye maranda ya mbao kutoka kwa maseremala, mradi kinyesi kiondolewe kila siku, na kisiondolewe na mama mjamzito, kwa sababu ya vimelea vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Viroboto ndivyo vinavyonitia hofu zaidi, kwa sababu ya dawa zake. Niliporudi likizo nilimkuta muuzaji wa agroveti moja akimpimia mama mmoja dawa ya mbwa ili ampake paka wake. Dawa nyingi za mbwa zina permethrini, kemikali iliyotengenezwa kwa kuiga nguvu za pareto, zao ambalo wakulima wa Molo wanalijua vizuri. Mbwa huivumilia. Paka hutetemeka, hukakamaa, na wengi hufa. Kama pakiti haikuandikwa kwamba ni ya paka, isifunguliwe.

Nisieleweke kwamba huku kila kitu ni sawa. Omena hukaa peke yake ndani ya nyumba ya vyumba viwili tangu asubuhi hadi nirudi kazini, na daktari amenionya kwamba amenenepa kupita kiasi, kama paka wengi wa mji huu. Paka wa Nyalenda hupanda mabati, hujua nyumba kumi, hulala kwenye jua la saa nne na huwa na watoto wa mtaa mzima wa kucheza nao. Utajiri huo hauuzwi dukani. Hapa England, tangu 10 Juni 2024, kila paka anayefugwa ni lazima awekewe kichipu cha utambulisho chini ya ngozi kabla ya kutimiza wiki 20, na mwenye kukaidi anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 500. Sioni haja ya Kisumu kulikimbilia hilo kabla ya chanjo.

Mama aliposikia kwamba ninamlipia paka bima, alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyo ana bima, na mimi je?" Lilikuwa swali la haki. Kwanza nilishughulikia bima yake yeye, na ndipo nikapata uso wa kumzungumzia paka wake.

Sasa ana paka jike mwenye madoadoa, na safari hii amempa jina, Chui. Alhamisi ijayo dada yangu atampeleka kwa daktari wa mifugo kuhasiwa na kuchanjwa, ndani ya kikapu cha sokoni kilichofungwa leso juu. Nimewaambia asipewe chakula tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, kama daktari alivyoagiza, na akirudi akilia kwa maumivu apewe tu dawa aliyotoka nayo kwa daktari. Mama alijibu kwamba vidonge vya parasetamoli ameshavihamishia chumbani kwake, juu ya kabati.