Nairobi hadi New York: kuruka moja kwa moja au kupitia kwingine?

Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, Oktoba 28, 2018, gumzo lilikuwa la saa: kama 15 kwenda, 14 kurudi. Kurudi ni haraka zaidi kwa sababu pepo kali za juu angani huvuma kutoka magharibi, zikaisukuma ndege inayoelekea nyumbani. Umbali wenyewe ni karibu kilomita 11,850.

Wanaoisifu safari hii husema inakata njia. Inategemea unailinganisha na ipi. Kupitia Doha ni kuzunguka kweli: unapanda kaskazini-mashariki kwanza, kisha unageukia magharibi, na unaongeza zaidi ya kilomita 2,000. Amsterdam ni habari nyingine. Jumlisha vipande vyote viwili, utapata kama kilomita 12,500, na ziada hiyo ndege huimaliza kabla ya saa moja kwisha. Kinachokula muda ni kukaa uwanjani kungoja ndege ya pili, pamoja na hofu kwamba ya kwanza ikichelewa utaachwa.

Safari ndefu ya mfululizo nayo ina gharama zake. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta hupata kazi kuinuka, kwa hiyo uzito wa abiria na mizigo hupimwa kwa makini. Kuondoka usiku, hewa ikiwa ya baridi, husaidia. Tena sehemu ya mafuta huungua kwa ajili ya kubeba mafuta mengine. Na abiria asiyeinuka kitini saa zote hizo anajiongezea hatari ya damu kuganda miguuni.

Hata hivyo, kwa mama mzee anayekwenda New Jersey kumwona mjukuu, sisiti hata kidogo: apande ya moja kwa moja. Anasindikizwa Nairobi, anapokelewa New York. Kumwacha Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, peke yake atafute geti, wakati hasomi Kiingereza wala Kiholanzi, ni kumtesa.

Anayekwenda Minneapolis, waliko ndugu zetu wengi, apige hesabu upya. Yeye atabadilisha ndege vyovyote vile. Akipitia New York, hapo ndipo anapoingilia Marekani: atapanga foleni ya uhamiaji, atachukua mabegi yake, atayakabidhi tena, ndipo akimbilie ndege ya ndani. Akipitia Amsterdam, ukaguzi huo anaukuta Minneapolis, safari ikiwa imekwisha. Kwa hiyo kabla ya kulipa nauli aangalie amepewa muda gani New York. Ukiwa chini ya saa tatu, mimi ningechukua ya Amsterdam.